Katibu Aliyepanda Mikima Shambani Kwangu

Katibu wa chama cha softiboli alikuwa akinisalimia kwa mikono miwili, na hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya nisimwamini. Mtu mzima, mwalimu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, anamshika mkulima wa viazi kwa mikono yake yote miwili kama anayepokea mtoto wa kubatizwa. Mimi nilitoka shule darasa la tatu. Kila nilicho nacho nimekipata kwa jembe, baadaye kwa lori moja kuukuu, na nimejifunza kwamba anayekuinamia sana huenda anaangalia kama viatu vyako vitamtosha.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sikumuuliza. Nilijua ni mtu wa Embu ya chini, kule kwa jua na mbuzi, na kwamba serikali ilimleta kufundisha huku kwetu Kiirua, kwenye baridi ya Meru, akakaa mpaka akaanza kuvaa koti zito kama sisi. Wengine walimwita Mwalimu. Mimi nilimwita Katibu, ili asisahau kwamba najua anafanyia kazi nani.

Na alikuwa katibu wa chama cha taifa. Hebu sikia hilo: cha taifa. Mtu wa taifa anafika kwangu kwa pikipiki ya kukodi, amepakata begi jeusi kifuani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku moja nilimuuliza wazi.

"Ofisi ya chama chenu iko wapi?"

Akainua begi. "Iko hapa, mzee."

"Nakuuliza ofisi."

"Nami nakujibu, Baba Makena. Muhuri uko ndani, katiba iko ndani, orodha ya timu iko ndani. Ofisi ni nini tena? Viti?"

Baba Makena ndiye mimi. Makena ni kitinda mimba wangu, na ndiye aliyemleta mtu huyu nyumbani, maana alikuwa mrushaji wa timu ya shule. Softiboli, kwa asiyeijua, ni kama ule mchezo wa raunda tuliowaona wasichana wakicheza zamani, ila huu una sheria nyingi na glavu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anapiga kwa gongo, halafu anakimbia bezi moja baada ya nyingine mpaka arudi alikoanzia. Niliuliza kwa nini mtu akimbie sana ili arudi palepale. Makena alicheka. Katibu hakucheka. Alisema, "Mzee, hilo ni swali zuri." Mtu anayesifu swali lako hataki kulijibu.

Historia ya chama alitusimulia jikoni kwetu, mvua ikinyesha. Alisema kilianzishwa na walimu wachache pamoja na wageni wa kujitolea waliokuja na glavu kwenye masanduku. Wageni walirudi kwao, glavu zikabaki. Walimu wakaona mchezo utakufa, wakaketi, wakaandika katiba, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kazi yao ikawa kuandikisha timu, kufundisha ampaya, yaani waamuzi, kupanga ligi, kuchagua wachezaji wa taifa, na kuandikia chama cha dunia kwamba Kenya bado ipo.

Mama Makena akamuuliza, "Na msipoandika?"

"Basi hatupo, mama."

"Yaani tumekaa hapa na hatupo?"

"Kwa upande wa softiboli, hatupo."

Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu, akamwongezea chai. Nikajiambia: mtu anayemwambia mke wako hayupo, na bado anaongezewa chai, huyo si wa kuachwa peke yake.

Halafu akasimulia sehemu ambayo hakuipenda. Kulitokea wakati chama kikawa na wenyeviti wawili, kila mmoja na muhuri wake, kila mmoja akifukuza timu za mwenzake. Serikali ikachoka. Ikasema chama kikitaka kuitwa cha taifa lazima kiwe na matawi katika kaunti, si kukaa Nairobi na kupigiana makofi. Ndipo Katibu akapewa kazi ya kutafuta matawi Meru na Embu. Aliposema hivyo aliangalia dirishani, kuelekea shamba langu la chini, nami nikaelewa mimi ni nani. Mimi nilikuwa tawi.

"Na wewe unalipwa nini?" nikamuuliza.

"Sisi ni chama cha ridhaa, mzee. Halipwi mchezaji, halipwi ampaya, silipwi mimi. Nakula mshahara wa ualimu."

"Kwa hivyo unakula huku na kufanya kazi kule."

"Ndiyo."

"Ng'ombe akila kwangu akakamuliwa kwa jirani, sisi tunamfunga kamba."

Mama Makena alinikanyaga mguu chini ya meza. Katibu alipuliza chai yake, akasema, "Hata mke wangu amenieleza hivyo hivyo."

Sasa niseme juu ya shamba lenyewe, kwa maana roho yangu ilikuwa hapo. Ni ekari mbili, tambarare, chini ya barabara. Nililinunua kwa mzee mmoja ambaye alikufa kabla hatujaenda kwa bodi ya ardhi, na watoto wake walitawanyika, kwa hivyo hati ilibaki kwa jina la marehemu. Shamba ni langu kwa jasho na kwa mashahidi, si kwa karatasi. Jambo hilo sikumwambia Katibu. Naye hakuuliza, na kutouliza kwake kulinitia wasiwasi kuliko kama angeuliza.

Mwaka huo viazi vilikuwa vimeshikwa na mnyauko, na ardhi ikipata ugonjwa huo lazima ipumzike. Shuleni nako walikuwa wamejenga madarasa juu ya uwanja. Katibu akaja, mikono miwili, akaomba wasichana wachezee kwangu msimu mmoja tu. Makena alisimama mlangoni akiniangalia. Nikasema msimu mmoja, nao ukaja kuzaa mingine.

Wiki hiyo hiyo nilishuka asubuhi nikamkuta ameinama na utepe wa kupimia, anapigilia vigingi. Kimoja hapa, kimoja kule, kamba nyeupe katikati. Mimi nimeona watu wakipoteza mashamba, na kila mara ilianza namna hiyo: mtu mpole, utepe, vigingi. Alipoondoka kwenda shule niliving'oa vyote vinne, nikavichoma jikoni. Jumamosi timu ikaja kutoka Githongo, gari zima la wasichana, na hakuna anayejua bezi zinawekwa wapi. Vilikuwa vigingi vya bezi. Walichezea magunia yangu ya viazi, yakiwa yamejazwa mchanga. Katibu aliniambia, "Asante kwa magunia, mzee." Hakutaja vigingi. Siku hiyo sikujua kama alijua, na ungeniuliza, ningesema alijua.

Nikiwa mkweli, uwanjani alikuwa mtu mwingine. Akivaa ile barakoa ya ampaya, mgongo ulinyooka na ule unyenyekevu uliisha. Kuna siku Meru walicheza na Embu palepale kwangu, na Embu ni kwao, watu wake walijaa kando ya uwanja. Msichana wa Embu akateleza kwenye bezi ya mwisho, vumbi likapanda. Lau angefika ingekuwa ushindi. Katibu akangoja vumbi litulie, akarusha mkono. "Auti!"

Kelele ikatoka upande wa wageni. "Mwalimu! Wamekulisha miraa hawa!"

Akainua barakoa. "Mimi natafuna muguka, miraa ya kwetu Embu, mnajua. Na bado ni auti."

"Utarudi Embu na sura gani?"

"Hii hii. Sina nyingine."

Watu walicheka, hata waliokuwa wanamtukana. Mimi nilipiga makofi. Halafu njiani nikapanda mlima nikiwaza: mtu anayeweza kuwakata watu wake mchana, mimi ambaye si wake atanifanya nini?

Alikuwa na misemo yake. "Mpira hauna mjomba," alisema kila mara mtu alipoleta binti wa jamaa. "Sheria kwanza, chai baadaye," na kweli hakula kitu kabla ya mchezo, hata Mama Makena ambembeleze. Wasichana walimwogopa kwa sababu aliweza kuona mguu umekanyaga nje ya mstari kwa upana wa kidole.

Lakini mtu huyo huyo, nje ya mstari, alidanganya kuhusu miji mizima.

Nairobi walituma mkaguzi kuona kama tawi la Meru lina timu kweli. Kwenye karatasi lilikuwa na timu tatu. Kwenye ardhi ilikuwepo moja, hii yetu, kwa sababu wale wa Githongo walikuwa wamemaliza shule wakatawanyika. Asubuhi wasichana walicheza wenyewe kwa wenyewe, fulana za buluu, wakiitwa Kiirua. Baada ya chakula nikawaona nyuma ya ghala langu wanabadilisha, wakatoka na za manjano, wakawa Githongo. Saa tisa wakavaa nyekundu. Makena alinipita mbio.

"Makena, sasa wewe ni wa wapi?"

"Baba, nyamaza. Mimi ni wa Maua."

Mkaguzi aliandika. Alikuwa kijana wa mjini, kwake wasichana wote wa Meru walikuwa sura moja. Katibu alinitazama kutoka mbali, naye alijua nimeona, na hakuinamisha macho.

Jioni nilimwambia, "Kumbe na wewe unajua kudanganya."

"Mwaka ujao zitakuwa timu kweli, mzee."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu ni mbegu."

Githongo ilipata timu tena mwaka uliofuata, hilo siwezi kumnyima. Maua haikupata kamwe. Vijana wa kule walimwambia kitu cha kukimbizana nacho wanacho tayari, ni pikapu ya miraa kabla ya jua kutoka.

Nikaweka jambo hilo kichwani kama mtu anavyoweka panga nyuma ya mlango. Alipoleta karatasi ya kwamba shamba langu linatambuliwa na chama kama uwanja, nitie sahihi, nilikataa. Akaileta mara ya pili, nikakataa. Mara ya tatu akasema, "Mzee, ukiweka sahihi ligi ya taifa inaweza kuja kuchezwa hapa."

"Mimi sitii sahihi kitu nisichoweza kukisoma chote."

"Nikusomee?"

"Na wewe ndiye nani wa kunisomea?"

Mwezi huo huo walichagua wasichana wa kwenda kuchezea Kenya nje ya nchi. Makena hakuchaguliwa. Nilimwambia Mama Makena hadharani kwamba binti yetu ameachwa kwa sababu ya sahihi yangu. Nilikuwa na hasira ya kumfungia Katibu geti. Makena ndiye aliyenizuia.

"Baba, niliachwa kwa sababu nilirusha vibaya siku ya mchujo. Kila mtu aliona."

"Mimi sikuona."

"Wewe ulikuwa unamwangalia Katibu."

Sasa miti. Uwanja wangu uko wazi, na upepo wa Kiirua ukianza unabeba mpira mpaka kwenye ngano ya jirani. Katibu akaamua papandwe mikima, ile miti myepesi ya mbao inayokua haraka, mstari mmoja upande wa upepo. Alisema "papandwe" kama vile upepo ni wake. Asiyetoka huku hataelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu akipanda mahindi katika shamba lako, atavuna aende. Akipanda mti, ameketi. Wazee wakija kuamua ugomvi, kabla ya karatasi watauliza: nani alipanda mti huu? Anayeweza kupanda bila kuketi ni kibarua peke yake, kwa sababu mikono yake imekodiwa.

Nilimwambia asipande. Akaitikia kwa heshima, akapanda. Nikang'oa miche. Akapanda tena, peke yake, Jumapili baada ya kanisa, suruali imekunjwa. Nikang'oa tena. Mara ya tatu Mama Makena alisimama kati yangu na miche na ndoo ya maji mkononi, akaniambia kama ninataka kung'oa nianze na yeye. Ikakua. Leo ni mirefu kuliko nyumba.

Wakati ulienda. Makena aliolewa Embu mjini, anafanya kazi ya maabara, na jioni anafundisha wasichana kurusha. Katibu alistaafu ualimu. Halafu kukawa na uchaguzi wa chama huko Nairobi, na wajumbe wakamwangusha. Nilisikia alikabidhi begi mbele ya watu, muhuri, katiba, kila kitu, akaomba chupa yake ya chai tu. Akarudi kwao Embu ya chini bila kuniaga. Nikasema, haya, huyo amekwenda, shamba limebaki.

Nilikosea. Mwaka huu wakaja viongozi wapya wawili, gari safi, viatu vyembamba. Katika begi walikuwa wamekuta barua ya zamani inayotaja uwanja wa Kiirua kuwa wa tawi. Walikwenda kwa ofisi ya ardhi wakakuta jina la marehemu. Sasa walisema shamba ni la chama, kwamba chama kimelitumia na kulitunza miaka yote, na ushahidi ni miti. Chifu akatuita mbele ya wazee. Nao wakamwita Katibu awe shahidi wao.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilimwambia Mama Makena, "Umeona? Ulimwagilia maji."

Akachukua ndoo yake akatoka nje.

Alifika asubuhi, amekonda, koti lile lile. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nilimpa mmoja.

Mkubwa wa wale wageni alizungumza vizuri sana, Kiswahili cha redio. Halafu akamgeukia Katibu. "Mwalimu, waeleze wazee. Nani alipanda ile miti?"

"Mimi," akasema.

Wazee wakatikisa vichwa. Niliona shamba langu likitoka mlangoni. Mtu huyu, nilijua, uwanjani hajawahi kusema aliyefika hakufika, wala asiyefika amefika.

Mzee mmoja akauliza, "Ulipanda ukiwa nani?"

Katibu akangoja, kama siku ile ya vumbi.

"Nilikuwa kibarua wa Baba Makena."

Watu waliguna. Yule mkubwa akacheka. "Mwalimu mzima? Katibu wa taifa? Kibarua wa viazi?"

"Kwani mwalimu hana mikono?"

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyeandika barua hii!"

"Niliandika kwamba tunacheza pale. Kucheza si kumiliki. Wewe ukicheza kanisani, kanisa ni lako?"

Chifu akanigeukia. "Mzee, ni kweli? Alikuwa kibarua wako?"

Mimi nimejisifu maisha yangu yote kwamba sisemi uongo. Nilimwangalia. Hakunipa ishara yoyote, aliangalia mbele tu, na mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Alikuwa kibarua," nikasema. "Tena mbaya. Miti minne ilikauka."

Wazee wakacheka, na kwa kicheko hicho jambo likaisha. Waliamua shamba ni langu, na chifu akaniambia nitafute watoto wa marehemu tukamalize mambo ya hati. Wale wawili walipanda gari lao. Mkubwa alifungua dirisha akamwambia Katibu kwamba asitegemee kuitwa tena kwenye shughuli yoyote ya chama, wala jina lake halitasomwa popote. Katibu alimwambia safari njema.

Tulibaki wawili kando ya barabara. Kwangu shukrani hutoka ikiwa hasira.

"Kwa nini umesema uongo? Sikukukodi siku hata moja. Niling'oa miche yako mara mbili."

"Mara mbili na vigingi vinne," akasema.

"Unataka nini kwangu, Katibu? Sema leo. Miaka hii yote unataka nini?"

Akapangusa kiatu na nyasi. "Makena ana wasichana kumi na wanane huko Embu. Hawana wa kucheza nao isipokuwa wa hapa kwako."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mzee."

Sikumwamini. Hata sasa ninaposimulia haya kuna upande wangu mmoja unaouliza ni kitu gani bado sijakiona. Lakini ule uongo ulinisumbua. Ulikuwa umetolewa mbele ya wazee, na mimi nikautia muhuri kwa kinywa changu, na jambo kama hilo haliwezi kuachwa hewani likizurura.

Nikamwambia, "Kama ulikuwa kibarua wangu, basi kazi hujamaliza. Yale mapengo manne hayajazwi na maneno. Jumatatu uje na jembe lako. Kwangu mimi hakuna mwalimu, kuna kibarua."

Akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Ukichelewa nakufuta kazi."

Alilala kwa Makena Embu mjini Jumapili, akatoka na gari la saa tisa usiku. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini, suruali imekunjwa. Nilimwonyesha shimo la kwanza lianzie wapi, nikavuta gunia nikaketi, nikamwangalia akichimba mpaka jua likatoka kabisa. Kibarua lazima aangaliwe.